Kufundisha Onyesho la Piano Mahali Pasipo na Piano

Katika mazoezi ya kufundisha yaliyopita tuliwapa walimu wanachuo watatu kazi ambayo baadhi ya wenzetu waliiona kuwa mzaha. Kazi yenyewe ilikuwa kufundisha Darasa la V, katika shule moja jirani na Holili, somo juu ya onyesho la piano katika ukumbi wa kale wa muziki. Shule hiyo haina piano. Katika watoto 64 wa darasa hilo hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona, isipokuwa katika runinga. Na habari ya mtu mmoja kuketi mbele ya watu waliotulia, akapiga kwa muda wa saa nzima na zaidi bila mwimbaji na bila ngoma, ni jambo ambalo hata wanachuo wenyewe hawakuwahi kulishuhudia. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi somo hilo lilivyoshindikana mara ya kwanza, jinsi lilivyofundishwa upya, na maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo kabla hajaingia darasani.

Yafaa tuanze na pingamizi, maana lilikuwa la haki. Mwalimu mmoja mzoefu alituuliza: watoto hawa wana ngoma za kwao, wana kwaya, wana na bendi za tarumbeta ambazo ni fahari ya sharika nyingi za Kilimanjaro, wanataka piano ya nini? Siku ile hatukumjibu. Kusema kwamba muziki wa piano ni wa "hali ya juu", kama wasemavyo baadhi ya watu, ni kuwafundisha watoto kwamba wa kwao ni wa hali ya chini, na mwalimu afundishaye hivyo heri akae kimya. Ilitupasa kutafuta jibu jingine. Tulilipata katika barabara ile ile ipitayo karibu na shule kuelekea Taveta.

Lakini kwanza tueleze kushindwa kwetu. Mwanachuo wa kwanza alikuwa ameandaa somo kwa bidii. Alichora piano ubaoni, akaandika kwamba ina vibao 88 vya kubonyezwa kwa vidole, 52 vyeupe na 36 vyeusi. Kwamba iliundwa Florence, Italia, karibu na mwaka 1700, na fundi Bartolomeo Cristofori. Yote hayo ni kweli. Watoto waliyanakili. Mwisho wa kipindi alipouliza piano ni nini, mikono mingi ilinyoshwa, na jibu likatoka bila kosa hata moja. Ndipo mmoja wetu, aliyekuwa ameketi nyuma, akauliza: "Na sauti yake ikoje?" Darasa likanyamaza kwa muda mrefu. Hatimaye mvulana mmoja akasema: "Kama honi ya lori." Wenzake walicheka, na mwalimu, kwa aibu, akacheka nao. Hapo ndipo alipokosea zaidi. Mvulana yule aliishi karibu na kituo cha mpakani ambako malori husubiri zamu yao mchana kutwa. Aliombwa sauti ya kitu kikubwa asichokijua, naye akatoa sauti ya kitu kikubwa anachokijua. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akifikiri.

Kila chuo hufundisha kwamba mwalimu atoke katika linalojulikana aende katika lisilojulikana. Ugumu hauko katika kulikariri neno hilo. Uko katika kulichagua hilo linalojulikana. Mwanachuo wetu alidhani kwamba linalojulikana na kufanana na piano ni kinanda cha kanisani. Hilo lingefaa kidogo, ijapokuwa neno "kinanda" lina historia ya kuchanganya: limepata kutumika kwa ala ya nyuzi ya pwani, kwa santuri, na kwa kinanda cha kanisa, vitu vitatu visivyo na undugu wa karibu. Sisi tulichagua pembe ya ndovu.

Katika karne ya 19 vibao vyeupe vya piano vilifunikwa kwa magamba membamba ya pembe za ndovu. Pembe hupendwa na wapigaji kwa sababu hainati jasho la vidole wala haitelezi mno. Sehemu kubwa ya pembe hizo ilitoka Afrika Mashariki, na Taveta ilikuwa kituo mashuhuri cha misafara iliyotoka Pangani na Mombasa kwenda nchi ya Wamaasai na kurudi. Hapo misafara ilipata chakula, maji na kivuli cha msitu kabla ya kuendelea. Pembe zilichukuliwa mabegani na wapagazi, wengine wa kuajiriwa na wengine watumwa, zikafika pwani, zikakusanywa Unguja na kupimwa kwa frasila, yaani kipimo cha kama kilo 16. Kutoka Unguja nyingi zilisafirishwa hadi jimbo la Connecticut, Marekani, ambako miji miwili jirani, Deep River na Ivoryton, iliishi kwa kazi ya kuzichonga. Jina la huo wa pili maana yake ni mji wa pembe. Huko magamba yalikatwa kwa misumeno, kisha yakalazwa chini ya mapaa ya vioo ili jua liyafanye meupe.

Hapa mwalimu anaweza kutoa mfano ambao hakuna mtoto wa Kilimanjaro atakayeusahau. Mwaka 1898 ndovu dume aliuawa katika miteremko ya mlima huu. Pembe zake ziliuzwa Unguja, na leo zimehifadhiwa katika makumbusho ya viumbe vya asili mjini London. Kila moja imepita meta 3 kwa urefu, na iliyo nzito zaidi imepita kilo 100. Ndizo pembe nzito kuliko zote za ndovu wa Kiafrika zilizopata kuwekewa kumbukumbu. Mwanachuo wetu wa pili alichora mstari wa meta 3 sakafuni kwa chaki na kumwambia mtoto mrefu kuliko wote alale juu yake. Mstari ulimpita kwa mbali. Kisha akauliza ni watu wangapi wangehitajika kubeba kitu cha zaidi ya frasila 6 kutoka hapa hadi baharini, na darasa likaanza kubishana juu ya mzigo, kiu na siku za njiani.

Hata hesabu ilipata nafasi yake. Kila kibao cheupe kilifunikwa kwa vipande viwili, kichwa na mkia. Basi piano moja ilihitaji vipande 104. Mwaka 1909 viwanda vya Marekani vilitengeneza piano zaidi ya 350,000. Si zote zilizokuwa na pembe, maana za bei nafuu zilifunikwa kwa seluloidi, lakini watoto walizidisha 52 kwa 350,000, wakapata vibao 18,200,000, wakaitazama tarakimu ile ubaoni kwa muda. Hatukuwaeleza neno. Baadaye viwanda viliacha pembe na kutumia plastiki, na mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kuipiga marufuku biashara ya pembe za ndovu duniani. Kuhusu vibao vyeusi, tahadhari: wanachuo wengi hupenda kusema kwamba ni mpingo wetu. Kwa kawaida vilichongwa kwa mbao nyeusi za jamii nyingine. Mpingo wa Tanzania umejipatia sifa katika klarineti na zumari za Ulaya, na hiyo ni sifa ya kutosha. Haihitaji kuongezewa uongo.

Baada ya ala, ukumbi. Ukumbi tuliouchagua ni Wigmore Hall wa London, kwa sababu historia yake inagusana na ya Holili kwa namna ambayo sisi wenyewe hatukuitarajia. Ulifunguliwa tarehe 31 Mei 1901 kwa jina la Bechstein Hall. Aliyeujenga alikuwa kiwanda cha piano cha Bechstein cha Berlin, kilichokuwa na duka lake pale pale; ukumbi ulikuwa mahali pa kuzisikiliza piano zake. Wakati huo Moshi na Holili zilikuwa chini ya Wajerumani, na Taveta chini ya Waingereza. Vita vilipozuka mwaka 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Mnamo Februari 1916 palipiganwa Salaita, na mwezi Machi palipiganwa katika vilima vya Latema na Reata, jirani kabisa na mpaka. Siku chache baadaye Waingereza wakaingia Moshi. Mwaka huo huo wa 1916, London, mali ya Bechstein ilitwaliwa kwa kuwa ni mali ya adui, na ukumbi ukauzwa katika mnada pamoja na piano zilizokuwamo. Ulifunguliwa tena mwaka 1917 kwa jina la mtaa wake, Wigmore. Mtoto wa Holili anayeambiwa kwamba vita vilivyopita kando ya shamba la babu yake ndivyo vilivyobadili jina la jumba la muziki ng'ambo ya bahari, hasahau tena mwaka 1916. Tumemwona akihesabu kwa vidole umri ambao babu wa babu yake angekuwa nao.

Ukumbi huo si mkubwa. Una viti kama 550, pungufu ya watoto wa shule nyingi za hapa wakiwa mstarini asubuhi. Umbo lake ni la sanduku refu, na nyuma ya jukwaa ukuta umejipinda kama nusu ya chungu, juu yake pamechorwa picha ya Roho ya Muziki akitazama mwanga. Umbo hilo la chungu halikuwekwa kwa urembo peke yake. Mwanachuo wetu wa tatu alilieleza kwa namna ambayo hatukumfundisha, nasi tunaiandika hapa kwa furaha. Simu yake ilikuwa na sauti ndogo isiyofika madawati ya nyuma. Aliiazima sufuria jikoni, akaiweka simu ndani yake, akauelekeza mdomo wa sufuria kwa watoto. Sauti iliongezeka mara moja. "Ukumbi ule," akasema, "ni sufuria ambayo watu wameketi ndani yake." Tangu hapo hakuhitaji tena kueleza kwa nini watu hujenga nyumba maalumu kwa ajili ya kusikiliza.

Namna piano inavyotoa sauti yafaa ionyeshwe kwa mikono. Tulitumia kipande cha ubao, misumari miwili na waya wa breki ya baiskeli uliovutwa kwa nguvu. Watoto waliugonga kwanza kwa kijiti kitupu, kisha kwa kijiti kilichofungwa kitambaa nchani, wakasikia tofauti. Ndani ya piano mna nyundo ndogo zilizovikwa sufu iliyoshindiliwa. Kibao kikibonyezwa nyundo huruka, hugonga nyuzi na kurudi nyuma papo hapo ili nyuzi zibaki zikitetema. Ustadi wa Cristofori ulikuwa katika kurudi huko, na katika jambo jingine: kidole kikibonyeza polepole sauti huwa ndogo, kikibonyeza kwa nguvu sauti huwa kubwa. Ndiyo asili ya jina, lililofupishwa kutoka maneno ya Kitaliano yenye maana ya sauti ndogo na sauti kubwa. Nyuzi ni kama 230, na mvuto wake wote pamoja ni wa tani nyingi, hata ikabidi ziwekwe katika fremu ya chuma. Piano kubwa ya ukumbini hukaribia nusu tani. Mtoto aliyesema honi ya lori aliuliza kama lori la abiria lingeweza kuibeba, akajibiwa kuwa ndiyo, akatabasamu.

Desturi ya mtu mmoja kushika jukwaa peke yake si ya kale sana. Ilienezwa na Franz Liszt wa Hungaria miaka ya 1839 na 1840. Kabla ya hapo mpiga piano alichangia jukwaa na waimbaji na wapigaji wengine. Kupiga kwa moyo, bila karatasi ya noti, nako kulizoeleka katika karne hiyo hiyo, na bibi Clara Schumann alikuwa miongoni mwa waliokuanzisha. Mwaka 1976 Arthur Rubinstein, akiwa na miaka 89 na macho yake yamekwisha kufifia, alipiga katika Wigmore Hall mojawapo ya maonyesho yake ya mwisho. Vidole vilikuwa vinajua njia.

Sasa tufike kwenye kusikiliza kwenyewe, ambako mwalimu asiye mwangalifu huharibu yote. Tulichagua kipande kimoja tu: utangulizi wa 15 wa Frédéric Chopin, Mpoland, katika mkusanyo wake wa 24 uliochapwa mwaka 1839. Watu wengi huuita utangulizi wa matone ya mvua, ingawa jina hilo halikutolewa na Chopin. Huchukua dakika tano hivi. Sababu ya kuuchagua ni kwamba ndani yake mna sauti moja inayorudiwarudiwa karibu mwanzo hadi mwisho, kibao kimoja cheusi, na mtoto yeyote mwenye masikio anaweza kuishika. Mwanzoni sauti hiyo iko chini ya wimbo mtulivu. Katikati wimbo unashuka kwenye sauti nzito na nyeusi, kibao kile kile kikiendelea kugongwa juu yake, na sasa kinatisha. Kibao hakikubadilika, majirani zake ndio waliobadilika.

Mara ya kwanza watoto wasikilize bila kazi yoyote. Mara ya pili wasikilize dakika mbili za mwanzo, kila mmoja akigusa kiganja chake kwa kidole kila asikiapo sauti ile. Mara ya tatu wasikilize kipande kizima, na anayeona kwamba mambo yamebadilika anyoshe mkono bila kusema. Tuliona mikono ikinyoshwa mmoja mmoja, mingi mahali penyewe hasa. Walipoulizwa palitokea nini, msichana mmoja alisema: "Mvua ilikuwa ya kupandia, ikawa ya kubomoa." Mwalimu asiitoe habari ya matone ya mvua kabla ya hapo. Akiitoa, hataambiwa kitu ila alichokisema mwenyewe.

Palitokea kosa moja ambalo tunalitaja kwa sababu litawatokea wengi. Katika kusikiliza kwa mara ya kwanza watoto watatu walianza kutikisa mabega na kupiga makofi, na mwanachuo akawakemea: muziki huu hausikilizwi hivyo. Waliona haya, na kwa muda wote uliosalia hawakushiriki. Kemeo lile lilikuwa ovu, tena halikuwa kweli. Katika ngoma zetu kuitikia ndiyo adabu. Anayesimama kimya kama mti huonekana ana kinyongo. Katika ukumbi wa piano kunyamaza ndiyo adabu, na watu huzuia hata kikohozi mpaka kipande kiishe. Lakini adabu hiyo ya pili imefundishwa: huko Ulaya kwenyewe, siku za Liszt, watu waliongea na kushangilia katikati ya muziki, na kimya cha leo kilikuja kidogo kidogo. Ingetosha kuwaambia watoto hivyo, kisha kuwaalika waijaribu adabu ya wenyeji kwa dakika tano, kama mgeni avuavyo viatu mlangoni.

Tena wajue kwamba ukumbi huo si wa wageni peke yao. J. H. Kwabena Nketia wa Ghana alitoa mwaka 1994 vipande 12 vya piano vya kufundishia vilivyojengwa juu ya midundo ya Kiafrika, na Akin Euba wa Nigeria ndiye aliyeieneza fikra ya kuipiga piano kwa namna ya Kiafrika, kama mtu apigavyo ngoma na marimba. Katika miaka ya 2020 mpiga piano Rebeca Omordia, mwenye asili ya Nigeria na Romania, amepiga kazi za watunzi wa Kiafrika ndani ya Wigmore Hall yenyewe. Karibu zaidi nasi, chuo cha muziki cha nchi za majahazi kilianza Unguja mwaka 2002, na kwa miaka mingi kilifundisha ala za taarab na piano chini ya paa moja, katika jengo la forodha ya zamani, mbele ya bahari ile ile iliyopitisha pembe.

Limebaki jambo ambalo sisi wakufunzi wawili hatujakubaliana. Mwisho wa somo la mwisho, msichana yule wa mvua aliuliza: "Anayepiga anajua kama ndovu alitoka hapa?" Mwanachuo alijibu kwa uaminifu kwamba wengi hawajui, na kwamba piano za leo hazina pembe. Msichana aliketi, lakini sauti ilipochezwa mara ya mwisho hakufumba macho kama wenzake. Mmoja wetu anaona kwamba habari ya pembe ingekuja baada ya kusikiliza, ili mtoto apate kwanza kuupenda muziki bila mzigo. Mwingine anasema kwamba kumficha mtoto bei ya kitu mpaka akipende ni hila ya mfanya biashara, nayo haifai darasani. Msichana yule aliusikia muziki wote, na ndovu pia. Tumeliandika andalio la somo kwa namna zote mbili, na wanachuo wa muhula ujao watazijaribu katika mikondo miwili ya Darasa la V, Holili, wakiacha dakika tano za mwisho bila kazi yoyote ila maswali ya watoto. Wataandika kila swali kama lilivyoulizwa, bila kulisahihisha.